Kura ya kupanga namba 1, 2, 3, mnaionaje wakuu?

KijanaWaSakina: Wakuu habari za mchana. Kijiweni kwetu boda hapa Sakina tumechagua mwenyekiti, jamaa kapita na kura 19 kati ya 50, wenzake wamepata 17 na 14, yaani watu 31 hawakumpa na bado ndo kashinda. Nasikia Australia mtu anapanga wagombea kwa namba, inaendaje hiyo?

Shangazi_Kiborloni: Rahisi tu mwanangu. Asipopatikana wa kuvuka nusu mnamtoa wa mwisho, huyo wa 14, mnaangalia kwenye karatasi zake nani kaandikiwa namba 2, kura inahamia huko. Zikienda 10 kwa wa pili anafika 27, kashinda, na hamjarudia uchaguzi wala kupoteza siku nyingine ya abiria. Australia bunge la chini wanachagua hivyo tangu 1918, Ireland nao rais wao.

Mzee wa Soweto Moshi: Hata kwetu Tanzania 1995 rais alitakiwa avuke nusu, katiba ikaja kubadilishwa 2000, siku hizi anayeongoza tu kapita. Kenya asipofika wanarudi kupiga tena, hela yake sasa!

dogo_ngarenaro: Sawa ila kuhesabu je? Mawakala wetu wamezoea matokeo yabandikwe kituoni usiku uleule, hii lazima hesabu za vituo vyote zikutane kwanza ndo mjue nani wa mwisho. Na ukiandika namba moja tu, mtu wako akitolewa kura yako imekufa.

KijanaWaSakina: Asanteni, ntaipeleka kikaoni Jumapili. Shida mwenyekiti wa kikao ndo huyohuyo wa 19 😂