Tupeane uzoefu: kiondo cha mkonge kinachomlipa mama wa kijijini

Wasusi wenzangu, karibuni. Vyondo, vikapu vyetu vya kusuka vya Ukambani, vimelipa karo na kujaza ghala miaka mingi, lakini siku hizi vingi vinarudishwa na wanunuzi kwa makosa yanayozuilika. Tuandike mambo ya kazi yenyewe: uzi, rangi, kitako, mikanda, bei. Vipimo tafadhali, na kila mmoja aanze kwa kutaja kwao.

Kibwezi
Naanza na mkonge. Kata majani ya chini yaliyokomaa, yale marefu yaliyolala, na uache ya katikati yaendelee kukua. Mmea ukishatoa mlingoti wa maua hauna maisha marefu. Jani lipasuliwe vipande vyembamba na kuparwa siku hiyo hiyo. Likikauka, nyama yake inagandia kwenye nyuzi na hutaitoa. Tumia panga butu juu ya ubao, maana lenye makali linakata katani, yaani nyuzi zenyewe. Maji ya mkonge yanawasha, kwa hiyo funika mikono. Usishangae kuona katani ni kidogo: kilo 25 za majani hutoa takriban kilo 1. Osha mpaka maji yatoke meupe, kisha anika juani. Ikibaki na ukijani, mvua ya kwanza italeta ukungu.

Mwala
Hapo kwenye kusokota ndipo siku zinapoishia, na ndipo wengi hulipua. Chukua mafungu mawili membamba ya katani, yaviringishe pajani kwenda mbele, kisha yarudishe nyuma pamoja ili yashikane. Paka majivu kidogo yasiteleze. Uzi mzuri ukiulegeza haufunguki. Ukiona unajikunja vifundo, umeukaza kupita kiasi.

Nyuzi za kusimama, zile zinazopita kitakoni na kupanda ukutani, ziwe nene kuliko za kusukia zinazozunguka. Urefu wake upige hesabu kabla ya kukata. Kiondo chenye kitako cha upana wa sentimita 25 na kimo cha sentimita 25 kinataka uzi wa sentimita 75, kwa kuwa unapanda pande zote mbili. Ongeza 15 kila upande za kumalizia mdomo, yaani sentimita 105. Ukibana hapo, mdomo utafumuka.

Kitui
Rangi: lowesha uzi kwanza. Uzi mkavu ukitumbukizwa sufuriani hutoka na madoa. Koroga rangi ya unga kwenye maji moto kidogo, ichuje kwa kitambaa, ndipo uimimine, pamoja na chumvi. Chemsha nusu saa hivi ukigeuza, uache upoe humo humo, suuza, anika kivulini. Kabla ya kusuka, sugua uzi kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikishika rangi, rudi kusuuza, la sivyo kiondo kitachafua gauni la mteja na hutamuona tena.

Mwala tena
Kitako nacho kina siri yake. Unaanza kwa kupishanisha nyuzi za kusimama katikati, unazunguka kwa nyuzi mbili zinazosokotana kati ya kila moja. Pengo likiingia kidole, ongeza uzi wa kusimama. Ukichelewa, kitako kinajikunja kama bakuli. Ukizidisha, kinafanya mawimbi na kiondo hakikai mezani. Kipimo ni kukilaza sakafuni kila baada ya mizunguko michache na kukibonyeza kwa kiganja. Ukifika upana unaotaka, acha kuongeza, kaza uzi, nao ukuta utasimama wenyewe.

Tena, kiondo kimoja kisukwe na msusi mmoja. Wasusi wawili hawakazi sawa, na mstari wa makutano unaonekana kutoka mbali.

Machakos
Mkanda wa ngozi usishonwe ukingoni tu, utararua mdomo kiondo kikibeba viazi. Ushuke ukutani kama sentimita 8 na ushonwe pande zote za kipande hicho kilichoshuka.

Kwa vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi: mkipata oda, kateni vijiti vya kipimo vilivyo sawa, kila mama apewe chake chenye alama ya kitako na ya kimo. Ombeni malipo ya awali yatoshe rangi na ngozi. Kwenye bei, hesabuni siku za kusokota pia. Broka huhesabu za kusuka peke yake, na akina mama wengi wanamkubalia. Kiondo kisichotiwa ngozi kikiuzwa kwake, faida ya mkanda inabaki mjini, kwa hiyo kikundi kimlipe fundi mmoja wa ngozi kwa oda nzima.

Kitui
Swali kwa Kibwezi: nyuzi za gamba la mbuyu mnazilowesha siku ngapi kabla ya kusokota?