Banda la kuku kwa baridi ya Makete: bodi ya Hiace, boksi la Canter au mbao?

Mwana_Kitulo
Wakuu, salaam. Niko Makete, upande wa Kitulo. Anayepajua anajua mwezi wa sita mpaka wa nane unaamka majani yote ni meupe kwa sakitu. Nina mitetea 14 na majogoo 2 wa kienyeji, banda lao la mianzi limechoka, upepo unaingia utakavyo. Nyuma ya nyumba ipo Hiace ya marehemu baba, injini iliuzwa zamani, imebaki bodi na vioo. Njombe mjini kuna jamaa anauza boksi la bati la Canter. Shemeji yangu anasema niachane na mikweche, ninunue mbao nijenge. Mwenye uzoefu aseme.

Fundi_Bodi
Hiace, mkuu. Niliwahi kupima moja hapa gereji: ukishatoa siti unapata kama mita 3 kwa 1.5. Ukiweka kuku 3 au 4 kwa mita ya mraba, hao 16 wanaenea. Boksi la Canter ni pana zaidi, ila kulipandisha huko utalipa usafiri kuliko bei yake. Kabla ya yote mwaga oili na mafuta yote, toa betri, bandua sponji na kapeti. Ukiacha sponji umewajengea panya na utitiri nyumba ya bure. Halafu ziba kila upenyo, banda litakuwa la moto.

Mama_Mitetea
Fundi, hapo pa kuziba kila upenyo ndipo nilipoumia mimi. Niko Mufindi. Nilichukua bodi la Land Rover, nikaziba matundu yote, nikasokomeza magunia madirishani, nikajiona nimemaliza kazi. Wiki ya pili nafungua mlango alfajiri, hewa imechacha kwa mavi mpaka macho yanachoma. Nikagusa bati la juu, kiganja kikalowa chote. Matone yalikuwa yanawadondokea kuku mgongoni usiku kucha! Mafua yakaingia, nikazika watano.

Kuku ana joto la mwili la kama nyuzi 41 na manyoya juu yake, baridi kavu anaistahimili. Pumzi yake ndiyo yenye maji, ikigonga bati la baridi inarudi chini kama mvua. Mwana Kitulo, acha hewa itoke juu ya vichwa vyao wakiwa wamelala, ziba kule chini kunakowapuliza. Na chini ya bati piga dari ya mikeka ya mianzi, uache nafasi ya vidole vinne. Mianzi huko haikosekani, mnayo ya ulanzi tele.

Fundi_Bodi
Hapo umenishinda, mama. Basi asikate bati, vioo vya Hiace vinasukumika. Vichanja viwe chini kiasi kwamba kuku akisimama kichwa hakifiki dirishani. Avute kioo upana wa kiganja upande usio na upepo, aweke wavu.

Wa_Kinangop
Sisi huku Kinangop, Kenya, baridi tunaijua pia. Mimi niko na shemeji. Mbao haitoi jasho kama bati, na ukitaka kupanua banda kesho unapigilia tu. Shida yake ni nguchiro, atachimba chini hadi aingie. Gari linamshinda. Jambo lingine: usije ukaingiza jiko la makaa ndani ya gari lililofungwa, hata kama ni kwa vifaranga. Ile hewa yake ya sumu haina harufu, asubuhi utakuta wamelala na hawaamki.

Theluji_Tupu
Mimi niko Minnesota, Marekani, huku tunafika hasi 25 na chini yake. Kuku wangu 6 wanalala kwenye trela kuukuu la farasi, taa ya joto sina, maana taa hizo zimeunguza mabanda mengi. Wana maranda ya kufika nusu ya muundi na vichanja vya mbao bapa, upande mpana juu, ili wakilala tumbo lifunike vidole. Kwenye fito nyembamba vidole vinabaki nje, na baridi ikiwa kali vinakufa. Upanga wa jogoo nao huanza kuwa mweusi nchani, hasa banda likiwa na unyevu. Huku Desemba mchana hauna hata saa 9, ndiyo maana wanaacha kutaga. Wewe Makete mchana wako haupungui hivyo. Mayai yakipungua, angalia chakula kwanza.

Mama_Mitetea
Na chanjo ya mdondo. Banda zuri halizuii mdondo.

Mwana_Kitulo
Mrejesho, wakuu. Nimechukua Hiace, ila shemeji naye nimemsikiliza: ndani nimepigilia mabanzi ya paini, kiwanda cha mbao walinipa kwa bei ya kuni. Dari ni mianzi. Rangi iliyobanduka nimeikwangua yote na kuifagia wasije wakaidonoa. Leo alfajiri nje kulikuwa na sakitu, nimepitisha kiganja darini, pakavu. Mitetea yote vichanjani. Jogoo mmoja tu amevikataa, analala juu ya usukani. Nilitaka kuung'oa, nimemwachia.