Mbuzi wa sherehe ya mtaa: kisu ashike nani?

Mkaa Makole: Wakuu, kikao cha sherehe kimevunjika jana. Kamati watu kumi na wawili, Waislamu wawili. Tumeshanunua mbuzi watano mnadani Msalato, hapa Dodoma. Mzee mmoja wa kanisa akauliza: hela zetu, wengi sisi, kwa nini lazima achinje Mwislamu? Mbuzi wamefungwa kwangu, wanamaliza maua ya mke wangu. Nisaidieni.

Fundi Nkuhungu: Akichinja Mwislamu wanakula kumi na wawili. Akichinja mwingine, wawili wanashindia wali mkavu. Hapo kamati ya nini?

Neema Area C: Si rahisi hivyo. Geita 2013 ugomvi huu huu wa kuchinja uliua mchungaji. Sisi Paulo katuruhusu, kinachouzwa sokoni kuleni bila kuuliza. Lakini heshima iwe ya pande zote. Uislamu wenyewe Dodoma umekuja na msikiti wa Gaddafi, leo mnatupangia nyama?

Mrangi Asilia: Umekuja na nini? Msikiti wa Gaddafi umefunguliwa 2010! Kwetu Kondoa misafara ya pwani ilikuwa inapita kabla Mjerumani hajalaza reli hapo Dodoma. Wewe umekuja juzi na mabasi ya wizara, unatufundisha nani mgeni?

Neema Area C: Mimi mtoto wa Mvumi, babu yangu kasoma kwa wamisheni. Usinitukane. Na Kondoa si Dodoma.

Mrangi Asilia: Kondoa iko mkoa gani, dada?

Fundi Nkuhungu: 😂😂 Jamani, mkaa ushawaka.

Mwalimu Kizota: Hao "wengi" mmewahesabu lini? Sensa yetu ya mwisho kuuliza dini ni ya 1967.

Neema Area C: Mwalimu, simama Jumapili barabarani uone makanisa yanavyomwaga watu. Hata Kondoa unayojivunia ina jimbo Katoliki tangu 2011.

Mrangi Asilia: Na maaskofu wake tunawasalimia vizuri tu. Kwetu nyumba moja ina Hamisi na Yohana, Idi wanachinja, Krismasi anaitwa Hamisi huyo huyo kushika kisu. Hatujawahi kuitisha kikao.

Fundi Nkuhungu: Kurani, sura ya Maida aya ya 5, si inasema chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu?

Mrangi Asilia: Fundi, wewe ziba mabomba. Hiyo waulize masheikh.

Mkaa Makole: Wakuu, beberu mweupe kakata kamba. Aliyeko Makole akimwona anishtue.

Mrangi Asilia: Neema bado hujajibu. Mkoa gani?