Nipo jeshi la Marekani, mtu kapandishiwa alama za mbio ili apate cheo. Niseme au nikaushe?

Mluguru_Ughaibuni
Wakuu habari za majukumu. Naombeni mnisaidie mawazo maana usingizi sipati, na wife nimemdanganya ni kichwa tu kinauma.

Mimi Mtanzania, nilikuja huku kwa bahati nasibu ya grinkadi, nikabeba maboksi kwanza halafu nikaingia jeshini, sasa hivi ni sajenti upande wa mafundi magari. Kwa wasiojua, huku ukitaka kuwa sajenti unashindania pointi, jumla ni 800, humo kuna shabaha, shule, medali na mtihani wa mwili, halafu kila mwezi wanatangaza kiwango cha kila fani, ukifikisha unapanda, ukipungukiwa hata pointi moja unasubiri. Mtihani wa mwili ni mazoezi matano, kila moja alama 100 na lazima upate angalau 60 kila zoezi. Ukifeli moja umefeli mtihani wote na wanakuwekea zuio, cheo unakisikia tu mpaka urudie na ufaulu.

Sasa platuni yetu kuna jamaa Mkenya, mchapakazi haswa. Mbio za maili mbili alipitiliza muda zaidi ya dakika nzima. Cha ajabu kwenye mfumo alama zimeingia za kufaulu, tena nzuri, na jina limetoka kwenye orodha ya wanaopanda. Kuna mtu kapeleka malalamiko juu na ameteuliwa ofisa wa kuchunguza. Swali langu ni hilo tu, niseme ninachojua au nikaushe? Huku ukimchoma mwenzako hakuna atakayekuamini tena, na sisi Waafrika pale ni wa kuhesabu.

KiatuChaMvua
Nimekaa paleee nasubiri wajuvi.

Mzee_wa_Kwata
Kijana mimi nimetumikia jeshi la nyumbani mpaka nikastaafu. Enzi zetu mbio zinapigwa alfajiri umande haujakauka, mkufunzi kasimama kwenye mwembe na saa yake, ukipita baada ya kupiga filimbi huna la kusema, unarudia wiki ijayo hata kama baba yako ni nani. Kuna mwenzetu alirudia mpaka tukamwonea huruma, siku aliyofaulu kombania nzima ilimbeba juujuu. Cheo alichopata pale hakuna aliyekinung'unikia mpaka leo. Vijana wa sasa mnataka vya mteremko.

Mluguru_Ughaibuni
Shikamoo mzee, nimekuelewa ila swali langu ni niseme au nisiseme.

Mto_Nzoia
Kwani lazima mngesema ni Mkenya? Mngesema tu ni jamaa. Anyway brother, wewe kaa kimya. Huyo mtu ako na familia, anatuma pesa nyumbani, mama yake anangoja dawa. Mbio za dakika moja zitafanya nini kwa mtu anafunga boliti za lori?

Binti_Pangani
Mleta mada, mimi nimetumikia hilohilo jeshi, niliingia kwa MAVNI, ule mpango wa 2009 uliochukua wahamiaji wenye lugha walizozihitaji na Kiswahili kilikuwemo. Nikuulize kitu kimoja. Siku ya mtihani kila askari ana fomu 705, na aliyesimamia zoezi ndiye anayeandika matokeo na kusaini. Nani alikuwa na saa siku hiyo? Nani kasaini?

Mluguru_Ughaibuni
Dada hilo sio la msingi sana, msingi ni kwamba alama zimebadilishwa na aliyetoa maelekezo ni mkubwa.

Binti_Pangani
Ni la msingi kuliko yote uliyoandika. Umejuaje kapitiliza kwa zaidi ya dakika? Aliyekaa pembeni hawezi kujua hilo, anajua aliyeshika saa.

KiatuChaMvua
Hapo kabanwa 😂

Njoo_Tuongee
Wakati tunamsubiri niwakumbushe 2017, lile sakata la vyeti feki hapa nyumbani, watumishi 9,932 walitangazwa siku moja. Baba yangu mdogo alikuwemo. Alikuwa fundi sanifu mzuri, mashine zinamtambua, lakini cheti cha kidato cha nne kilikuwa cha mtu mwingine. Miaka yote ile kazini, akatoka bila kiinua mgongo. Na watu walimtetea hivihivi, eti si anaijua kazi, eti ana watoto. Ni kweli aliijua kazi. Ila kuna mtu mwenye cheti halali aliyekosa ile nafasi mwanzoni kabisa, na huyo hakuna aliyekwenda kumtafuta kumpa pole.

Mluguru_Ughaibuni
Sawa wakuu. Saa nilikuwa nayo mimi. Na sahihi ni yangu.

Ila msinihukumu kabla ya kusikia. Jamaa alimaliza, nikaandika muda halisi kwa penseli. Sajenti wa platuni akanifuata kwenye gari akaniambia huyu kijana goti linamsumbua, tukimfelisha anawekewa zuio na nafasi inapotea, mwandikie muda wa mwezi uliopita alipokimbia kwa mazoezi. Huyo ndiye anayeandika tathmini yangu ya mwaka, ningemwambia nini? Na kweli mwezi uliopita jamaa alikimbia vizuri, kwa hiyo sio kwamba muda ule tumeutoa hewani, aliwahi kuukimbia. Halafu kila kikosi wanafanya, nimehama sehemu na kote nimeona. Ni karatasi tu, hakuna aliyekufa.

Mama_Zawadi
Mwanangu Mungu hapendi ulimi wa uongo. Omba na funga, milango itafunguka.

Binti_Pangani
Goti linamsumbua, sawa. Mbona hakwenda kwa daktari? Goti likishathibitishwa kuwa la kudumu unapewa zoezi mbadala, unatembea maili 2.5, au baiskeli, au kuogelea, au mashine ya makasia, na mtihani unahesabika kihalali. Njia ya haki ilikuwepo. Hamkuitaka kwa sababu ingechukua muda na orodha ilikuwa inatoka.

Na hilo la "karatasi tu" nalijibu kwa uchungu kwa sababu nimekuwa upande wa pili. Mwaka niliokosa usajenti nilipungukiwa pointi chache sana. Nilikuwa nakimbia saa kumi na moja asubuhi kwenye baridi ya kukata masikio, peke yangu, ili nipate zile alama. Baadaye nikaja kujua kuwa aliyepanda mwezi ule hakukanyaga uwanja siku ya mtihani, alama zilipigwa ofisini. Nilitoka jeshini na cheo kilekile. Tofauti ya mshahara niliikosa kila mwezi, na nilipokwenda kuomba kazi ya kusimamia watu walitazama cheo nilichotoka nacho. Kwa hiyo aliyepeleka malalamiko hapo kwenu kaka, usimwone mchawi. Inawezekana ni binti anayekimbia asubuhi.

Mto_Nzoia
Pole dada. Hapo umenigusa, sikuwa nimefikiria yule mwingine.

Daftari_la_Zamani
Kuhusu "kila kikosi wanafanya", mleta mada hadanganyi. Leonard Wong wa chuo cha vita cha jeshi la Marekani alihesabu mwaka 2002 akakuta mafunzo ya lazima kwa makamanda wa kombania yanahitaji siku 297 kwa mwaka wakati siku zilizopo ni 256. Sasa zile 41 zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kalamu. Mwaka 2015 yeye na mwenzake Stephen Gerras wakarudi na ripoti nyingine wakasema wazi kwamba maofisa wamezoea kusaini vitu ambavyo havikufanyika mpaka dhamiri haiwashi tena. Na jeshi la anga 2014, kambi ya Malmstrom kule Montana, maofisa wa kurusha makombora ya nyuklia walikutwa wanatumiana majibu ya mtihani kwa simu, makamanda tisa wakaondolewa na mkuu wa kambi akajiuzulu. Shida ilikuwa ileile, wakubwa wanataka alama za juu kila mara, basi wanaletewa alama za juu.

Lakini hii inaeleza tu tatizo limetoka wapi. Ofisa mchunguzi ukimwambia "kila mtu anafanya" anaandika tu kwamba umekiri.

Nyuki_Mkali
Wakuu mnachoshwa bure, hii ni CHAI. Mtihani wa jeshi la Marekani ni mazoezi sita na alama 600, binamu yangu yupo Texas alinitumia picha ya kadi yake. Huyu anasema matano. Akaunti kaifungua wiki hii. Anaandika stori ili mumpe like.

KiatuChaMvua
Eeeh, chai ya maziwa au ya rangi?

Njoo_Tuongee
Hata mimi nilianza kushangaa, mtu yupo kwenye uchunguzi wa kijeshi anakuja kueleza humu?

Mluguru_Ughaibuni
Binamu yako kadi yake ni ya zamani. 600 ulikuwa mtihani uliopita, tarehe 1 Juni 2025 wakabadilisha, wakaondoa kurusha mpira mzito kwa nyuma, yakabaki matano na 500. Unaanza kunyanyua chuma mara tatu, unakuja pushapu za kuachia mikono chini kwa dakika mbili, halafu ule mzunguko wa mita 250 wa kukimbia, kuburuta sleji ya paundi 90 na kubeba vile vyuma viwili vya paundi 40 kila kimoja, unakwenda planki, unamaliza na maili mbili miguu imeshaisha. Ndio maana jamaa alikatikia kwenye mbio, goti lilianza kumuuma kwenye sleji, nilimwona anaivuta kwa mguu mmoja.

Binti_Pangani
Yuko sahihi, ni matano.

Nyuki_Mkali
Sawa, mtihani anaujua. Sasa nasema kingine. Goti unajua lilianza kuuma wapi, mwezi uliopita alikimbiaje unajua, familia unajua. Wewe sio msimamizi. WEWE NDIYE ULIYEFELI MBIO, unatupima tuseme msimamizi akaushe ili cheo chako kipone.

Mto_Nzoia
Manze hapo sasa kumewaka.

Mzee_wa_Kwata
Hata mimi nilijiuliza, mbona anamwonea huruma sana.

Mluguru_Ughaibuni
Mimi sio yeye! Mimi Mluguru wa Matombo, yeye Mkenya, msinibadilishie kabila. Goti nalijua kwa sababu tunakaa nyumba moja ya kupanga, wanangu wanamwita anko. Nilipofika hapa sina gari ndiye aliyekuwa ananipeleka kazini na kunirudisha, mke wangu alipojifungua nikiwa porini kwenye mazoezi ndiye aliyempeleka hospitali. Mngekuwa nyie mngemwandikia amefeli?

Na kwa kuwa mmenivua nguo nimalizie. Nimeshaandika maelezo. Ofisa aliniita, nikaandika kwa kiapo kwamba muda uliopo kwenye fomu ndio nilioushuhudia. Jumatatu ananiita tena kwa sababu kuna askari alirekodi video watu wakimaliza mbio. Nilikuwa nimeshaamua kusimama na maelezo yangu, nikauliza humu nione kama kuna mwenye sababu ya kunibadilisha. Nikibadilisha nimejichoma mwenyewe.

Daftari_la_Zamani
Kwa hiyo kichwa cha uzi kilitakiwa kiwe kingine kabisa.

Binti_Pangani
Kaka sasa nisikilize polepole, wengine nyamazeni kidogo.

Maelezo ya uongo ya kikazi ni kifungu cha 107 cha sheria ya kijeshi, adhabu ya juu kabisa ni miaka 5 jela, kupoteza malipo yote na kufukuzwa kwa aibu. Sisemi utapata hiyo, mengi ya namna hii yanaishia kwa kamanda, unakatwa mshahara au unashushwa cheo. Ila uliposaini fomu ulikuwa na kosa moja, ulipoapa ukawa na mawili, Jumatatu ukirudia mbele ya video unaongeza la tatu.

Kifungu cha 31 kinataka ukishatuhumiwa usomewe unatuhumiwa nini, na kwamba una haki ya kunyamaza, kabla hujaulizwa. Ulisomewa? Usinijibu hapa. Jibu hilo mpelekee wakili. Kuna mawakili wa utetezi wa jeshi wanaitwa TDS, ni bure, hawapo chini ya kamanda wako. Jumatatu ukiitwa unasema kwa heshima kwamba unaomba kuongea na wakili kwanza, basi, huongezi neno. Ukihitaji mtu wa kumlilia nenda kwa kasisi wa jeshi, utakayomwambia kwa siri kama kiongozi wako wa kiroho hawezi kulazimishwa kuyatoa.

Na uraia uliupata lini? Kama uliupata kupitia jeshi, ukitolewa kwa sababu zisizo za heshima kabla hujatimiza miaka 5 ya utumishi mwema, sheria inaruhusu kuunyang'anya. Watoto wako wanamwita mtu anko, sawa, lakini usiwauzie makazi yao kwa ajili ya maili mbili za huyo anko. Na yeye mwenyewe anajua hakukimbia ule muda. Kakubali kuvaa cheo akijua wewe ndiye utakayeulizwa. Hilo muulize leo jioni mezani.

Mluguru_Ughaibuni
Miaka 5 sijafikisha.

Sikujua hilo la uraia.

Mto_Nzoia
Brother nilikushauri vibaya pale juu. Tafuta huyo wakili. Na huyo wetu akikuwa mtu mzima ataenda aseme mwenyewe ni yeye na huyo mkubwa walitaka, asikuachie msalaba.

Nyuki_Mkali
Bado siamini asilimia zote ila kama ni kweli fanya alichosema Binti Pangani.

Mama_Zawadi
Amina. Na kwa maumivu ya goti kuna mafuta ya mnyonyo, mwambie huyo kijana apake usiku.

Mluguru_Ughaibuni
Wakuu nimerudi. Nimepiga ile ofisi ya utetezi, nimepewa nafasi ya kuonana na wakili Jumatatu asubuhi kabla ya ofisa. Kwenye simu wameniuliza kama nimeongea na mtu yeyote kuhusu hili, nikawatajia huu uzi, wakaniambia nisiandike tena hata mstari mmoja popote. Jamaa nimemwambia mezani. Hakujibu, kaingia chumbani na simu, sijui anampigia nani. Binti Pangani, Mungu akulipe dada yangu. Siandiki tena.

Binti_Pangani
Nenda kwa amani kaka. Wasimamizi ondoeni huu uzi tafadhali, mtu asije akaupiga picha.

Mwana_Kigamboni
Kabla haujafutwa, mwenye grinkadi ambaye hakumaliza form four anaruhusiwa kujiunga huko?