Mrejesho: Taa za bustani za volti 12 zilizokuwa zikififia

Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu nilipouliza kwa nini taa tatu za mwisho za bustani yangu, zinazotumia volti 12, zilikuwa zikififia kila baada ya mvua. Mlisema tatizo ni viungio vya nyaya, wala si taa zenyewe, na ndivyo ilivyokuwa. Nilipovifukua vile viungio vya kubana, ambavyo hutoboa ganda la waya kwa vijino vyake, nilikuta maji yamepenya na shaba imeota kutu ya kijani. Mita ilionyesha volti 11.9 kwenye transfoma, lakini 8.6 tu kwenye taa ya mwisho. Nilizima umeme, nikakata sehemu iliyoharibika mpaka nikafikia shaba inayong'aa, kisha nikasokota nyuzi na kuzifunga kwa viungio vya kuzungusha vilivyojazwa jeli ya kuzuia maji, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kufukiwa ardhini. Utepe wa kuhami peke yake, kwa maoni yangu, haufai kabisa chini ya udongo. Sasa taa ya mwisho inapata volti 11.2, na mvua kubwa mbili zimepita bila taa hata moja kufifia. Kwenye kila kiungio nimeacha pia waya wa ziada kidogo, ili ukihitaji kukatwa tena usiwe mfupi.