Mwanangu mwenye usonji hamkubali daktari wa meno

Kutoka: mama wa watoto watatu, Columbus, Ohio

Ndugu zangu, habari za siku. Kitinda mimba wangu ana miaka 6, ana usonji, na bado hajaanza kusema. Wiki ya tatu sasa anajipiga shavu la kushoto, chapati anaikataa, anakunywa uji tu, usiku halali. Jumanne nilimpeleka kliniki ya meno. Alipowashiwa taa akapiga mayowe. Wakaleta ubao wenye mikanda, nikapewa karatasi nisaini, nikasaini bila kuielewa. Alifungwa, akalia hadi akatapika, na jino halikutibiwa. Tangu siku hiyo nikishika mswaki tu anakimbia. Baba yake anasema tumwache, ni meno ya utoto, yatang'oka yenyewe. Nifanyeje? Mtoto yuko kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo.

Kutoka: dada wa Minneapolis

Pole sana dada, na mtoto umpe pole. Nimekuwa msaidizi wa daktari wa meno miaka kadhaa, kwa hiyo nakwambia nilichokiona. Mtoto asiyesema akijipiga shavu na kukataa kutafuna, ndivyo anavyokuambia jino linauma. Umwambie shemeji kwa heshima zote: magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10, hata 12. Hayo si ya kusubiri. Na shavu likivimba au homa ikipanda, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Karatasi ile ilikuwa ya ridhaa. Unaweza kuikataa, na hata ukishasaini unaweza kusema basi, mfungueni. Mkalimani wa Kiswahili ni haki yako bila malipo kliniki yoyote inayopokea Medicaid. Mwombe unapopanga miadi, na asikalimani dada yake mtoto.

Sasa malipo. Aliye chini ya miaka 21 kwenye Medicaid ana kinga inayoitwa EPSDT. Litamke neno hilo ukiwapigia simu Medicaid. Matibabu ya meno yanayohitajika lazima yalipiwe, hata ya nusu kaputi hospitalini daktari akithibitisha kwamba hakuna njia nyingine. Wakikataa, dai barua ya kukataliwa, kisha ukate rufaa.

Mtafute daktari wa meno aliyesomea watoto. Hao husoma angalau miaka 2 zaidi baada ya udaktari wa meno, na watoto kama wetu wamo katika mafunzo yao. Tovuti ya serikali ya InsureKidsNow inaonyesha wanaopokea Medicaid jimboni kwako. Umuulize pia kuhusu SDF, floraidi yenye madini ya fedha. Hupakwa kwa kibrashi, hakuna sindano wala kuchimba, na mara nyingi uozo husimama. Sehemu iliyooza itabaki nyeusi, ujue mapema. Ila jino likishaoza hadi kwenye neva, hiyo haitoshi.

Kutoka: baba wa binti wa miaka 9, Houston

Dada wa Columbus, nasi tulifungiwa mtoto kwenye ubao kama huo. Najua unavyojisikia. Usijilaumu.

Binti yetu alikuwa na meno manne mabovu. Yalitibiwa yote siku moja kwa nusu kaputi, eksirei humohumo. Niliomba wamtoe na damu ya vipimo akiwa amelala, wakakubali. Uliza hilo mapema. Mtoto asile kitu kwa saa watakazokuambia, na akiwa na mafua piga simu kabla, maana huahirisha.

Baada ya hapo tukaanza upya na daktari mwingine. Siku ya kwanza tuliishia kwenye kiti cha mapokezi. Ya pili akakalia kiti cha daktari, taa imezimwa. Ya tano ndipo akahesabiwa meno. Nilimpigia picha za mlango, kiti na kioo kidogo, tukawa tunaziangalia nyumbani kila jioni. Tulichukua miadi ya kwanza asubuhi, kabla watu hawajajaa, naye akivaa vizuia kelele vyake.

Nyumbani, mswaki hatupigii bafuni tena. Anakaa sakafuni sebuleni, mimi nyuma yake kwenye kochi, kichwa chake mapajani kwangu, tunahesabu hadi kumi, napumzika, tunaendelea. Dawa ya meno tunayotumia haina ladha wala povu, kwa sababu ile ya mnanaa ilikuwa inamchoma. Ilituchukua mwaka mzima kulijua hilo. Na zile pipi anazopewa kama zawadi kwenye tiba yake ya usonji, tuliomba ziwe vibandiko.

Dada, simu ile piga kesho asubuhi. Ukikwama kwenye barua ya kukataliwa, ilete hapa tuisome pamoja.