Wajukuu wa Chumbageni

*Da Zuhura, 08:12*
Asalaam aleykum wote. Turubai la pamba nimenunua, mita 3. Ijumaa machela iwe imeshatundikwa mwembeni kabla wageni hawajafika. Cherehani anayo nani?

*Rama, 08:40*
Machela? Nani anapelekwa hospitali? 😂

*Da Zuhura, 08:41*
Rama, sina muda. Ile ya kulalia.

*Da Zuhura, 11:05*
Tiki za bluu 19. Kimya.

*Mwanaidi, 11:31*
Samahani, nilikuwa sokoni. Ukingo wa kiwandani upo pande zote mbili? Kama upo usiupinde, haufumuki.

*Da Zuhura, 11:32*
Mmoja upo. Mwingine wamechana dukani, nyuzi zimejaa kwenye baibui langu.

*Mwanaidi, 11:36*
Huo ukunje sentimita 1, piga pasi, kunja tena sentimita 1, nyuzi zifichike, ndiyo ushone. Kazi iko kule kwenye ncha za kupitishia kamba. Pindo la vidole vinne, mishono mitatu iliyonyooka, na kila mwisho urudi nyuma kidogo. Sindano namba 16.

*Rama, 11:40*
Si uchome kingo kwa kiberiti tu, kama begi langu

*Mwanaidi, 11:41*
Begi lako nailoni, inayeyuka inashikana. Hii pamba, itawaka.

*Rama, 11:41*
Machela choma na ndimu 🔥

*Salim, 12:15*
_Ujumbe huu umefutwa_

*Salim, 12:16*
Mshono wa ovaloki wa kuzuia nyuzi ukingoni, huo peke yake unatosha

*Da Zuhura, 12:17*
Salim! Ovaloki peke yake ndiyo iliyomwangusha Mjomba.

*Salim, 12:18*
Haya, tumeanza. Ule ulikuwa uzi.

*Mwanaidi, 12:20*
Uzi wa pamba juani miezi yote ile, utaacha kuoza? Safari hii poliesta.

*Mjomba Hamadi, 12:52*
Mimi niliangushwa na ubahili.

*Da Zuhura, 13:01*
😂 Shikamoo Mjomba. Salim, ile cherehani ya marehemu iko kwako.

*Salim, 13:30*
Iko kwa fundi

*Da Zuhura, 13:30*
Tangu msiba?

*Bibi, 19:47*
🎤 0:41

*Mama Nasra, 19:55*
Kwa wasio na bando, Bibi anasema: "Pindo la kanga ni la kujifunga, hilo linabeba mtu, msilifananishe. Na cherehani isiporudi humu uani, hiyo machela msiitundike kwenye mwembe wangu."

*Rama, 19:56*
🙈

*Salim, 20:31*
Shikamoo Bibi. Nimesikia.

*Da Zuhura, 20:31*
Lini?

*Salim, 20:44*
Fundi anadai elfu 15. Mkanda ulikatika.

*Da Zuhura, 20:45*
Natoa 5. Wengine?

*Mama Nasra, 21:10*
Mimi labda mwisho wa mwezi

*Mwanaidi, 21:12*
Na kamba imenunuliwa?

*Shabani, 22:58*
Asalaam aleykum, ndo naingia. Nani mgonjwa?